Sakafu ya mbao iliyofifia: kupaka vanishi upya bila mashine ya msasa, na tiba ya kila kasoro

Vanishi mpya ikibanduka, ikitoa vishimo au ikikataa kukauka, mara nyingi kosa halimo kwenye kopo. Limo juu ya mbao, kwenye kile kilichokuwepo kabla kopo halijafunguliwa: nta ya miaka mingi, polishi, mabaki ya sabuni, chumvi ya maji ya kisima, au vanishi ya zamani isiyopatana na hii mpya. Nyumba ikishapita mikono ya wapangaji kadhaa, hakuna anayejua sakafu yake imewahi kupakwa nini. Kwa hiyo kazi inaanza na kupima. Brashi ni ya mwisho.

Njia inayoelezwa hapa ni ya sakafu ambayo mbao zake bado zimefunikwa. Hatuvui vanishi yote hadi kufikia mbao tupu. Tunasafisha, tunavunja mng'ao wa vanishi ya zamani kwa mkono, halafu tunaongeza mkono mmoja au miwili ya vanishi. Haitaondoa mikwaruzo iliyozama ndani ya mbao, haitabadilisha rangi, wala haitanyoosha ubao uliopinda. Lakini inaokoa mbao. Sakafu nyingi za vipande vidogo vilivyopangwa kwa mraba zina unene wa milimita 8 tu, na kila mashine ya msasa inapopita inakula sehemu ya unene huo ambayo hairudi. Mninga au mkongo wa sakafu ya zamani ni mali; ukiweza kuuacha ulivyo, uache.

Vipimo vinne kabla ya kununua chochote

Cha kwanza ni tone la maji. Dondosha matone machache sehemu tatu: mlangoni panapopitwa sana, katikati ya chumba, na chini ya kitanda au kabati. Subiri dakika 10. Tone likibaki limesimama na mbao chini yake haijabadilika rangi, vanishi bado inafunika. Likinywewa na kuacha doa la giza, pale vanishi imekwisha. Sehemu moja au mbili ndogo za namna hiyo zinatibika. Ikiwa nusu ya chumba inanywa maji, njia hii haikufai. Sakafu hiyo inahitaji kuvuliwa yote.

Cha pili ni nta. Lowanisha kitambaa cheupe cha pamba kwa waiti spiriti kidogo (kiyeyushi cha kupunguzia vanishi ya mafuta), sugua eneo la kiganja pembeni mwa chumba kwa nusu dakika, kisha kiangalie kitambaa. Vumbi la Dodoma huacha wekundu wa udongo hata kwenye sakafu isiyo na nta, kwa hiyo safisha eneo hilo kwa maji kwanza na uliache likauke. Baada ya hapo, kitambaa kikitoka na manjano au kahawia yenye utelezi, hiyo ni nta au polishi ya kopo. Ipo pia polishi ya maji ya akriliki, ile inayomwagwa na kusambazwa kwa dekio. Hiyo haiitikii waiti spiriti. Ipime kwa tone la dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Pakigeuka weupe na kulainika, ni akriliki.

Cha tatu ni aina ya vanishi. Mahali pasipoonekana, weka tone la spiriti ya kuwashia. Uso ukilainika na kunata, ni shelaki, yaani vanishi ya utomvu inayoyeyuka kwa spiriti. Usipobadilika, weka tone la tina ya fundi samani, ile kali inayotumika kwa vanishi ya kupuliza. Uso ukiyeyuka, ni vanishi ya selulosi. Ukibaki mgumu, au ukavimba kidogo bila kuyeyuka, una poliurethani au vanishi nyingine ya mafuta iliyokomaa. Andika jibu, kwa sababu utalihitaji utakapochagua cha kupaka juu yake.

Cha nne ni kugonga. Pita chumba kizima ukigonga kila kipande kwa mpini wa bisibisi. Kipande kilichoshika sakafuni hutoa mlio mzito. Kilichoachia hutoa mlio wa uwazi. Weka alama ya chaki juu ya vyote vilivyoachia kabla hujasahau vilipo.

Sakafu imefifia, lakini mbao hazijaachwa wazi

Hii ndiyo hali ya kawaida, na habari njema ni kwamba wakati mwingine haihitaji vanishi kabisa.

Sababu kubwa hapa kwetu ni mchanga. Chembe ngumu zinazoingia na viatu kutoka uani hukwaruza vanishi kidogo kidogo, na maelfu ya mikwaruzo hiyo midogo ndiyo yanayoua mng'ao. Sababu ya pili ni maji. Maji ya visima ya kanda hii mengi yana chumvi, na sabuni ikikutana na maji ya namna hiyo hutengeneza utando mweupe usioyeyuka. Ukipiga deki kila siku kwa ndoo moja ya maji ya sabuni bila kusuuza, utando unapanda juu ya utando, na mwisho sakafu inaonekana kama iliyopakwa maziwa.

Jaribu hivi kwenye eneo la mita moja ya mraba. Fagia kwa ufagio laini, kisha pitisha kitambaa kikavu. Changanya lita 4 za maji na mililita 120 za siki nyeupe, chovya kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, futa eneo hilo kisha likaushe papo hapo kwa kitambaa kingine. Rudia kwa maji matupu. Kwa kusuuza tumia maji ya mvua uliyokinga au maji ya kunywa ya chupa. Ukisuuza kwa maji ya kisima unarudisha chumvi uliyoitoa. Mng'ao ukirudi, tatizo lilikuwa utando tu, na chumba kizima kitatengenezeka kwa ndoo na vitambaa. Usiporudi, vanishi yenyewe imekwaruzika. Hapo endelea na kupaka.

Magadi usiyatumie kwenye sakafu ya mbao, hata kama yanatoa uchafu haraka. Ni alkali: yanatia giza mbao zenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya mbao), na mabaki yake yanazuia vanishi kushika. Yakiwa yameshatumika, futa kwa maji ya siki ya kipimo kilekile, suuza, kisha acha sakafu ikauke kwa siku moja. Jiki nayo ibaki kwenye nguo.

Vanishi mpya inabanduka

Dalili: wiki chache baada ya kazi, mguu wa kiti unaposukumwa, utando mwepesi mkavu unachomoka kama ganda la kitunguu, na chini yake vanishi ya zamani ipo safi, inang'aa.

Huo mng'ao wa chini ndio ushahidi wenyewe. Vanishi mpya juu ya vanishi iliyokomaa haiingii ndani. Inashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo midogo sana, na pale ambapo uso uliachwa unang'aa haikupata pa kushika. Kama chini hapang'ai ila pana utelezi, basi ilikuwa nta.

Tiba ya kipande kimoja haipo. Mahali pamoja pakibanduka, pengine patafuata. Pitisha kisu cha puti kwa pembe ya chini sana utoe kila kinachokubali kutoka, kisha anza kazi upya kwa utaratibu ufuatao, ambao ndio ungefuatwa tangu mwanzo.

Ondoa nta kwanza. Fanya kazi kwa vipande vya mita moja ya mraba: lowanisha kitambaa kwa waiti spiriti, sugua, na kabla hakijakauka futa kwa kitambaa kingine safi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaacha kiyeyushi kikauke, na nta iliyoyeyuka inatandazika upya, nyembamba zaidi na sawasawa chumba kizima. Badilisha vitambaa mara kwa mara. Rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinaweza kumaliza lita 2 hadi 3 za waiti spiriti na rundo la matambara, basi yaandae mapema. Zima jiko la gesi na la mkaa, hata la chumba cha pili, na fungua madirisha yote.

Kisha vunja mng'ao. Tumia sponji ya kijani ya kusugulia masufuria, kubwa, mpya, ikiwa kavu, au msasa wa maji namba 220 uliokunjwa juu ya kibao. Sugua kufuata uelekeo wa nyuzi za mbao. Hutafuti mbao, unatafuta uso uliopooza rangi moja. Lazima uvae barakoa, maana hata vumbi hili dogo, na hasa la mninga, linawasha pua na kifua. Ukimaliza, zima taa, washa tochi na uilaze karibu na sakafu ili mwanga upite chinichini. Kila mahali panapometa ni mahali hapajaguswa. Utayaona mengi: kando ya ukuta, kwenye mabonde madogo kati ya vipande, na kwenye vipande vilivyozama kidogo kuliko jirani zao. Rudi ukayamalize kwa kidole na kipande cha msasa. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayoamua kama vanishi itadumu miaka au miezi.

Stiliwuli tuiache nje. Nyuzi zake za chuma zinabaki kwenye viungo vya mbao, na zikikutana na unyevu pamoja na tanini zinatoa vidoti vyeusi, hasa ukipaka vanishi ya maji.

Mwisho, paka eneo la majaribio la sentimita 30 kwa 30 nyuma ya mlango au chini ya kabati. Baada ya siku mbili likwangue kwa ukingo wa sarafu. Likitoa unga kidogo na alama nyembamba, limeshika. Likitoka kwa vipande au kujiviringisha, usiendelee. Bado kuna kitu chini. Siku hizo mbili zinaonekana kupotea bure. Hazipotei.

Vishimo vya duara, macho ya samaki

Unapaka, na ndani ya dakika moja vanishi inakimbia kutoka vidoa fulani, ikiacha vishimo vya duara vyenye kingo zilizoinuka. Hiyo ni silikoni au mafuta. Silikoni hutoka kwenye dawa za kupuliza za kung'arisha samani na dashibodi za magari. Mafuta hutoka jikoni, au kwenye losheni ya viganja na magoti ya mtu aliyekuwa akipaka.

Ukiona vishimo viwili vitatu mwanzoni kabisa, simama. Futa vanishi mbichi yote kwa waiti spiriti, osha eneo hilo kwa vitambaa vipya mara mbili au tatu, acha likauke, ujaribu tena mahali padogo. Kuongeza vanishi nzito juu ya vishimo hakusaidii, kwa sababu inazidi kukimbia na sasa una kingo nene zaidi. Vikigunduliwa baada ya kukauka, kwaruza, safisha, weka shelaki isiyo na nta kama kizuizi, kisha rudia vanishi.

Imekunjamana palepale

Uso unainuka na kujikunja dakika chache tu baada ya kupaka. Sababu karibu kila mara ni moja: vanishi ya selulosi, au vanishi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kugandishia) yenye tina kali, imewekwa juu ya vanishi ya mafuta. Tina hiyo inavimbisha tabaka la chini, nalo halina pa kwenda ila juu. Hutokea pia mtu anapopunguza vanishi ya poliurethani kwa tina kali ya dukani badala ya waiti spiriti, kwa kuwa kopo zote mbili zinaitwa tina.

Acha ikauke, vua eneo lililokunjamana kwa dawa ya kutolea rangi na kisu cha puti, safisha mabaki kama kopo la dawa linavyoelekeza, kisha rudi kwenye vanishi ya mafuta inayopunguzwa kwa waiti spiriti. Kanuni ya kushika: juu ya vanishi ya mafuta iliyokomaa na kukwaruzwa unaweza kuweka poliurethani ya mafuta au ya maji. Juu ya selulosi, rudia selulosi au vanishi ya maji uliyoijaribu kwanza. Juu ya shelaki yenye nta usiweke poliurethani; hazishikani vizuri.

Haikauki

Imepita siku ya tatu na bado kidole kinanata. Kagua kwa mpangilio huu.

Je, iliwekwa nene? Poliurethani ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka juu kwenda chini. Ukiweka nene, juu panafunga na chini panabaki pabichi. Fungua madirisha, weka feni inayopuliza kuelekea nje, subiri. Mara nyingi inapona yenyewe.

Je, ilipunguzwa kwa mafuta ya taa? Hili linafanyika sana kwa sababu mafuta ya taa yako karibu. Yanaondoka polepole mno na kuacha mafuta ndani ya vanishi. Petroli ni mbaya zaidi, kwa kuwa mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo. Vanishi iliyoharibiwa hivi haina dawa, ivue.

Je, ni baridi? Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 14, na vanishi iliyopakwa jioni inalala bila kukauka. Paka asubuhi sakafu ikishaanza kupata joto.

Je, inanata kwenye vipande fulani tu, hasa pale mbao zilipokuwa tupu? Basi ni mbao yenyewe. Mvule na jamii ya mpingo vina kemikali za asili zinazozuia vanishi ya mafuta kukauka, na mtiki una mafuta yake. Toa kilichonata kwa waiti spiriti na kisu, futa mbao kwa asetoni, kisha funga kwa mkono mmoja mwembamba wa shelaki isiyo na nta kabla ya kurudia. Au hamia kwenye vanishi ya maji kwa chumba hicho.

Mapovu, mistari ya brashi na chenga za vumbi

Kasoro hizi tatu nimeziweka pamoja kwa sababu huku kwetu zina mzizi mmoja: hewa kavu, jua na upepo. Maelekezo ya kopo yameandikwa kwa hali ya wastani. Dodoma mchana wa Oktoba joto hupita nyuzi 30, hewa haina unyevu, na vanishi inaanza kuvuta ngozi kabla hujamaliza mstari wa pili. Brashi ikirudi juu ya sehemu iliyoanza kushika inachora mistari. Povu linalotaka kupasuka linakuta juu pameshafunga. Nao upepo unaingiza vumbi kwenye kila kilicho kibichi.

Ukiwa na hiari ya kuchagua, fanya kazi mvua zikishakatika, kati ya mwisho wa Aprili na Mei, kabla ya upepo wa Julai hadi Oktoba. Huna hiari? Anza alfajiri hewa ikiwa imetulia. Siku moja kabla, osha madirisha na fremu, piga deki korido, mwagia maji kidogo uani nje ya dirisha. Funga madirisha ya upande unaotoka upepo, uache ya upande wa pili wazi kidogo. Ziba miale ya jua kwa khanga au shuka. Kiraka cha sakafu kilichopigwa na jua kinaweza kuwa moto kuliko chumba kizima, na hapo ndipo mapovu yatakapojikusanya.

Kopo usilitikise. Likoroge taratibu kwa kijiti bapa, ukipandisha unga uliotuama chini, kwa sababu kwenye vanishi isiyo na mng'ao unga huo ndio unaozuia kung'aa. Usipokorogwa chumba kinatoka na mabaka yanayong'aa na mabaka yaliyopooza. Chuja kwa soksi ndefu ya nailoni kuingiza kwenye ndoo safi. Poliurethani ya mafuta iongeze waiti spiriti asilimia 5 hadi 10, yaani mililita 50 hadi 100 kwa lita, kama kopo halikatazi. Inakupa dakika za ziada.

Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita 16. Mikono miwili ni mita 32, yaani lita 3 na kidogo. Nunua kopo la lita 4 badala ya kuhangaikia kopo la lita moja katikati ya kazi, kwa sababu likitoka toleo jingine linaweza kutofautiana mng'ao.

Anzia ukuta wa mbali na mlango. Kata kingo za ukuta kwa brashi ya inchi 3 kwa urefu mfupi tu, kisha fuata mara moja kwa rola ya manyoya mafupi au brashi pana, mstari wa mbao tatu au nne kutoka ukuta hadi ukuta, kufuata nyuzi. Maliza kila mstari kwa kupitisha ncha ya brashi nyepesi mara moja, uelekeo mmoja. Usirudi nyuma. Nywele ya brashi au mdudu aliyekwama nyuma yako mwache; atatoka kwa msasa mwepesi kesho.

Kama kasoro zimeshakauka: subiri uso uwe mgumu, kwaruza kwa namba 220 mpaka mistari na chenga zisisikike kwa kiganja, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa waiti spiriti, paka mkono mwembamba. Vivyo hivyo kati ya mkono wa kwanza na wa pili, hasa muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo ukipita.

Matambara yenye vanishi ya mafuta usiyarundike. Yanajipasha joto yenyewe na yanaweza kushika moto usiku bila mtu kuwasha kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Ukungu mweupe ndani ya vanishi

Ukitokea wakati wa kupaka, msimu wa mvua kati ya Desemba na Aprili, na vanishi ni ya selulosi, ni unyevu wa hewa ulionaswa. Acha kazi, subiri siku kavu. Mara nyingi mkono mwembamba uliopunguzwa kwa tina inayokauka polepole huufungua. Duara jeupe lililoachwa na kikombe au ndoo juu ya shelaki hutoka kwa kufuta haraka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mno. Poliurethani yenye weupe chini yake imeshaachia mbao, na hapo unarudi kwenye kubanduka.

Madoa meusi, na michirizi myeusi kwenye viungo

Doa jeusi kuzunguka msumari au chini ya chungu cha maua ni chuma na tanini. Vanishi haitalificha; italifanya lionekane zaidi. Linatibika kwa asidi ya oksaliki tu, na hiyo inafanya kazi kwenye mbao tupu. Kwa hiyo kiraka hicho lazima kivuliwe. Ni sumu: vaa glavu na miwani, fuata kipimo cha pakiti, suuza mara mbili. Kama doa liko chini ya kochi, liache.

Michirizi inayotokea ghafla wakati wa kusafisha kwa waiti spiriti ni kitu kingine. Sakafu nyingi za zamani za vipande zimegandishwa kwa lami, na kiyeyushi kikimiminika ndani ya viungo kinaiyeyusha na kuipandisha. Ukiona weusi kwenye kitambaa, acha kumimina chochote. Tumia kitambaa kilichokamuliwa, na kwa vanishi chagua ya maji.

Nyufa kati ya vipande

Kuanzia Julai mianya inafunguka, na mtu anashawishika kuijaza puti ngumu. Usifanye. Mbao za hapa hupungua kiangazi na kuvimba masika. Puti ngumu iliyowekwa Septemba itasukumwa nje Januari, au itavinyanyua vipande kama nafasi ya ukingoni mwa ukuta imezibwa. Angalia mianya mwishoni mwa Machi. Iliyojifunga yenyewe haina ugonjwa. Iliyobaki wazi hata masika ndiyo ya kujaza, kwa kijazio laini kinachokubali kunyumbuka.

Vipande vyenye alama ya chaki

Kabla ya gundi, kagua mchwa: vijia vya udongo kando ya ukuta, kipande kinachobonyea kwa kidole, unga wa udongo ndani ya kiungo. Mchwa wakiwepo, watibiwe na vipande vilivyoliwa vibadilishwe kwanza, vinginevyo utapaka vanishi juu ya ganda. Kipande kizima kilichoachia kitoe taratibu kwa kisu bapa, kwangua lami ya zamani upande wake wa chini na kwenye zege, kwa sababu gundi nyingi za kisasa hazishiki juu ya lami. Gundisha, weka tofali juu kwa saa 24. Zege likiwa na unyevu, tafuta bomba linalovuja kabla ya yote.

Alama za viti na mazulia baada ya kazi

Ngumu kwa kidole si sawa na komavu. Poliurethani ya mafuta hupitika kwa soksi baada ya saa 24, lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Rudisha samani siku ya nne, kwa kuinua, usiziburute, na ubandike vipande vya sufu chini ya kila mguu. Zulia lingoje wiki mbili angalau, na lenye mgongo wa mpira lisirudi kabisa, kwa kuwa mpira huo hubadilisha rangi ya vanishi. Mlangoni weka mazulia mawili madogo ya kufutia miguu, moja nje na moja ndani, na la nje likung'utwe kila siku wakati wa upepo. Baada ya hapo deki ni kitambaa kilichokamuliwa sana, kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo kwa lita 5 za maji, na maji matupu ya kusuuzia.